Mtungi wa Pili

Mpendwa Mjomba,

Alhamisi ile ulipokuwa wodini na barakoa usoni, uliniuliza swali moja nami nikakujibu uongo. Hukupata muda wa kuniuliza tena. Leo ni wiki ya tatu tangu tukuzike Kaloleni, na nimeona heri nikuandikie yote yalivyokuwa, kwa utaratibu ulionifundisha wewe mwenyewe: kwanza kilichoingia, kisha kilichotoka, kisha kilichobaki.

Najua hupendi maneno marefu. Nivumilie.

Nilikuwa darasa la tatu mama, dada yako, alipofariki, ukanichukua kama mtu anayechukua mzigo wake mwenyewe, bila kikao. Nyumba ya Mishomoroni ilikuwa na vyumba viwili, na kimoja mlinipa mimi na binti yenu Kadzo. Kila Jumamosi Mama Kadzo alinituma nikuletee chakula Changamwe, kwenye ghala la gesi ulikofanya kazi. Nilikaa kivulini nikikutazama. Ulikuwa ukiinamisha mtungi kidogo, ukauzungusha kwa ukingo wa kitako chake, mkono mmoja juu ya valvu, kama mtu anayemwongoza bibi kizee kwenda kanisani. Wenzako walitumia kigari. Wewe ulipitisha miwili kwa pamoja, mmoja kila mkono, huku unaimba besi za kwaya.

"Mtungi hauna mdomo," uliniambia. "Ukiuuliza una nini haukujibu. Kwa hiyo unasoma bega lake, unasoma karatasi yake, ndipo unaugusa."

Bega ni pale juu, mtungi unapoanza kupungua kuelekea kwenye valvu. Nyeupe ni oksijeni. Kahawia ni heliamu. Kahawia na nyeupe kwa pamoja ni mchanganyiko wa hizo mbili. Nilizijua rangi hizo kabla sijajua majina ya kaunti. Nakumbuka pia fundi wa kuchomelea akija na mkokoteni kuchukua mtungi mmoja, hukumpa mpaka umemuuliza, "Na wa pili uko wapi?" Wengine walikasirika. Mmoja alikujibu, "Mzee, nanunua gesi, si viatu!" Ukacheka, lakini hukuutoa. Ulisema mtungi wa kwanza hufanya kazi na wa pili husubiri, na anayeanza kazi bila wa pili amekwisha kuamua kwamba itamkatikia katikati.

Nilipomaliza stashahada ya ugavi na kupata kazi ya ukarani wa stoo katika hospitali, huku huku Kisauni, uliwaambia majirani kwamba umepata mrithi. Kisha ukaiharibu sifa hiyo mwenyewe: "Shida yake moja. Mpwa wangu huyu anaogopa hata mhuri." Wote walicheka, na mimi nilicheka, maana ilikuwa kweli. Naogopa watu wanaopaza sauti. Naogopa kuulizwa jambo mbele za wengine. Nikiandika tarakimu huirudia kuisoma mara tatu. Watu hudhani huo ni uangalifu, na mara nyingi ndivyo ulivyo. Siku ile lori lilipokuja haukuwa.

Ilikuwa wiki tatu kabla hujalazwa. Hospitali ilikuwa imepata mashine mpya ya kupumulia, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa bila mgonjwa kupitishwa mpira kooni. Mashine hiyo iliweza kutumia mchanganyiko wa heliamu na oksijeni, na Daktari Zuhura wa wodi ya kifua aliomba iletwe mitungi miwili ya majaribio. Alipita stoo mwenyewe kunieleza, jambo ambalo madaktari hawalifanyi.

"Mtu ambaye mirija yake ya hewa imekuwa myembamba," alisema, "hewa ya kawaida kwake ni kama uji mzito unaopita kwenye mrija wa soda. Heliamu ni nyepesi. Ukiichanganya na oksijeni, uji unakuwa maji. Haimponyi. Inampunguzia kazi ya kuvuta pumzi wakati dawa zinatafuta njia."

Nilimsikiliza nikakufikiria wewe, na kile kikohozi chako cha asubuhi, na jinsi ulivyoanza kupumzika mara mbili kabla ya kufika kwenye bomba la maji.

Lori lilifika siku ya mvua. Lilikuwa limebeba oksijeni yetu, mitungi miwili ya mchanganyiko, na mitungi ya heliamu isiyochanganywa kwa ajili ya wapambaji wa maharusi, wale wanaojaza maputo. Langoni kwetu kuna desturi: mvua ikinyesha, karani hapandi lori. Dereva na vibarua wake wanashusha, karani anasimama chini ya kibanda cha mlinzi na kusaini. Kila mtu hufanya hivyo. Dereva alikuwa na haraka, ana mitungi ya watu wa Bamburi, na mvua inamwingia shingoni.

"Dada, saini tuondoke! Ama unataka niishushe na mapazia?"

Walinzi walicheka. Karatasi ilisema mitungi miwili, heliamu na oksijeni, mchanganyiko wa kitabibu. Nilihesabu vitu viwili virefu vikipita vimefunikwa turubai. Nikasaini. Baadaye turubai likaondolewa na mitungi ikafungwa mnyororo pembeni, mabega yakiwa na tope, na sikurudi kuyafuta. Kila siku nilisema kesho.

Hicho ndicho kilichoingia.

Alhamisi asubuhi Mama Kadzo alikuleta kwa tuktuk. Niliitwa mapokezi nikakukuta umeketi, mikono juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka kana kwamba ndiyo yanayopumua. Ulinyoosha kidole kimoja tu kunisalimu. Nilipokwambia shikamoo, midomo yako ilisema marahaba lakini sauti haikutoka. Na wewe ulikuwa mtu ambaye akiimba besi vioo vya kanisa vinaitikia.

Walikupeleka wodini wakakufunga ile barakoa. Kwanza walikupa hewa na oksijeni kidogo. Mama Kadzo alipoona kipimo kimewekwa chini, alimshika muuguzi mkono.

"Mwanangu, mwongezeeni hewa. Kwani mnaipima kama sukari?"

Daktari Zuhura ndiye aliyemjibu, kwa upole. Alisema mapafu kama yako yamezoea kidogo kwa miaka mingi, na oksijeni ikizidi inaweza kumtia mtu usingizi mzito wakati hewa chafu inajaa ndani. Lazima iwe kwa kiasi. Mama Kadzo hakuridhika, lakini alikaa. Baada ya saa moja Daktari alitazama kifua chako, akatazama kioo cha mashine, akaniambia, "Karani, nataka ile mitungi. Yote miwili."

Nilikwenda stoo na Wafula, fundi wa mitambo. Nilikuwa na kitambaa. Nilifuta bega la mtungi wa kwanza: kahawia na nyeupe. Nilifuta la pili. Kahawia. Nikaendelea kufuta, nikauzunguka mtungi mzima, nikitafuta nyeupe. Haikuwepo. Kibandiko kilisema heliamu, hakikusema oksijeni popote.

"Wafula," nilisema, "huu si mchanganyiko."

Aliinama akasoma. Akaleta kifaa chake cha kupimia oksijeni, akafungua valvu kidogo, kifaa kikasoma sifuri. Alisimama wima akajifuta mikono kwenye suruali.

"Wah, madam. Hii tungeweka kwa mgonjwa, pumzi chache tu ashalala. Hii ni ya maputo." Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Nani alipokea?"

"Mimi," nikasema. Kwa Wafula niliweza kusema. Hukuwa mbele yangu.

Ndani ya lifti, tukiwa na ule mtungi mmoja, ndipo nilipofikiria mtungi wetu wa pili ulipo. Ulikuwa Bamburi. Wapambaji walikuwa wamepelekewa badala ya heliamu yao, na kwa kuwa mchanganyiko nao hupandisha puto, pengine hawakujua. Mahali fulani bibi harusi alipigwa picha chini ya dawa yako.

Wafula aliunganisha mtungi saa nne asubuhi. Akaigeuza mashine kwenye mpangilio wa gesi hiyo, maana heliamu hudanganya vipimo vya mashine isiyoambiwa. Nilisimama miguuni pa kitanda. Baada ya dakika kama kumi, mabega yako yalishuka. Sizidishi, Mjomba. Yalishuka yakakaa mahali pake. Mama Kadzo aliniuliza kwa macho kama anaona sawasawa, nikaitikia kwa kichwa. Ulifumba macho, si kwa kuchoka, kwa raha.

Kando ya mlango Wafula alimwambia Daktari kwamba kwa kasi hiyo mtungi utadumu hadi saa nane hivi. Daktari aliuliza wa pili. Nikamweleza, kwa sauti ya chini, yote: mvua, turubai, saini yangu. Hakunikaripia. Alisema, "Piga simu sasa hivi." Nilipiga. Mchanganyiko mwingine ulikuwa Nairobi. Ungefika Jumamosi.

Saa tano na nusu walikufungua barakoa kidogo ulowanishwe midomo. Ukanitazama, ukasema, kwa sauti nyembamba, ya juu, kama ya kifaranga:

"Karani. Wa pili uko wapi?"

Hakuna aliyekuwa tayari kwa sauti ile. Muuguzi aliziba mdomo. Wafula aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Mama Kadzo alipiga makofi:

"Jamani! Nimeolewa na besi, nimeletewa kinanda cha mtoto!"

Wewe mwenyewe ulicheka. Ulicheka kwa sauti ile ile, ikawa mbaya zaidi, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakainua vichwa. Daktari alieleza kwamba ni heliamu tu, sauti itarudi. Na katikati ya kicheko hicho, macho yako hayakuwa yakicheka sana. Yalikuwa kwenye geji ya mtungi, kisha kwenye ukuta pale ambapo mtungi wa pili ungefungwa mnyororo, kisha kwangu.

Nikasema, "Uko njiani, Mjomba. Unakuja."

Uliitikia kwa kichwa, ukanyoosha mkono urudishiwe barakoa.

Nimelifikiria jibu lile kila siku. Ningeweza kusema, "Haupo." Neno moja. Ungekuwa na haki ya kulijua, kuliko mtu yeyote chumbani mle. Labda ungemwambia Daktari jambo. Labda ungeuliza mapema habari ya kuhamishwa. Labda ungetaka tu kumwita Kadzo kutoka Voi siku ile ile, badala ya kungoja. Sikutaka kukutia hofu, ndivyo nilivyojiambia. Lakini mwenye hofu nilikuwa mimi. Nilichelea kwamba ungeniuliza nani alipokea, mbele za watu, kwa sauti ile ya kifaranga, na nisingejua nicheke au nilie.

Saa nane kasoro mtungi uliisha. Walikurudisha kwenye hewa na oksijeni, barakoa ile ile. Mabega yakaanza tena, taratibu. Jioni Daktari alizungumza na ninyi wawili kuhusu mpira wa kooni na kuhamishiwa hospitali kubwa kisiwani, mkakubali, gari likapangwa Ijumaa kitanda kikipatikana. Kadzo alipanda basi la alfajiri. Ulituaga Ijumaa saa tatu asubuhi, gari halijafika. Kadzo alikuwa bado njiani, Mariakani.

Hicho ndicho kilichotoka.

Jumamosi mtungi wa Nairobi ulikuja. Wenzangu waliniambia nikae nyumbani, lakini nilikwenda, kwa sababu sikutaka apokee mtu mwingine. Kulikuwa na jua kali. Nilipanda lori. Dereva alikuwa mwingine, wala hakujua kitu. Aliniona nimepiga magoti nasoma bega, nasoma kibandiko, naita Wafula apime, akaniuliza, "Dada, unaupokea au unauposa?" Nikamwambia asubiri. Ni mara ya kwanza nimemwambia dereva asubiri. Kahawia na nyeupe, Mjomba, rangi safi kabisa. Tukaufunga mnyororo ukutani. Hakukuwa na mgonjwa wa kuutumia.

Nilimuuliza Daktari Zuhura baada ya mazishi. Nilimuuliza waziwazi kama mtungi ule ungekufikisha Jumamosi. Alivua miwani.

"Mpwa wake, sitakudanganya ili upate usingizi. Gesi hii kuna wanaosaidika nayo, na kuna ambao hatuoni tofauti. Yeye alisaidika, nililiona. Kwamba ungemfikisha, wallahi sijui. Na wewe hutajua."

Mkuu wangu wa stoo ni mtu mwema, nataka ulifahamu hilo. Aliniita, akanipa pole tena, akasukuma karatasi mezani. Wasambazaji walikuwa wamechukua mtungi wa maputo na mambo yalikuwa sawa, isipokuwa kumbukumbu lazima ieleze kwa nini mtungi mmoja ulirudishwa.

"Andika valvu mbovu, umebadilishwa. Saini hapa tufunge faili," alisema. "Umefiwa. Sipendi nikuone unahojiwa kwa jambo ambalo kila karani angelifanya kwenye mvua."

Nilimwomba nikaisome nyumbani. Alishangaa, ni mstari mmoja. Nilikaa nayo chumbani kwangu Bombolulu siku kumi na moja. Asubuhi naitia mkobani, jioni naitoa. Valvu haikuwa mbovu. Nikiandika ni mbovu, lori la wiki ijayo litapokelewa chini ya kibanda kama kawaida, na karani atahesabu turubai.

Jumapili iliyopita nilikwenda Mishomoroni. Mama Kadzo alikuwa uani anachambua mchicha. Nilimsaidia, nikamwambia. Nilianza na mvua nikamaliza na lile jibu langu. Mikono yake haikusimama mpaka nilipofika kwenye jibu.

"Kwa hiyo alikuwa anauliza kweli," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi nilicheka." Alishika jani moja muda mrefu. "Nilidhani anatania. Nikamtania na mimi, kinanda cha mtoto. Kumbe mwenzangu anauliza."

Nilitaka kusema kwamba kosa si lake. Aliinua kiganja nisiseme.

"Yeye ulimwambia?"

"Hapana."

"Basi kwanza mwambie yeye. Kwetu mtu hamrukii marehemu akaenda kutubu kwa walio hai. Mimi sikudai, lakini usinieleze tena habari hii mpaka siku nitakapokuuliza mwenyewe. Sijui itakuwa lini."

Kisha akanipa sufuria nikaoshe. Sikujua kama amenisamehe, na bado sijui. Alinifungia mchicha wa kwenda nao.

Alitaka nije Kaloleni kaburini nikuambie kwa mdomo. Nitakuja. Lakini wewe unanijua. Nikisimama pale nitaanza na shikamoo na nitaishia na shikamoo. Kuandika naweza.

Karatasi ya valvu nimeirudisha jana bila saini. Pamoja nayo nimempa mkuu wangu kurasa mbili: siku, saa, lori, turubai, bega, kipimo cha Wafula, jina langu. Mwishoni nimeomba kwamba mvua isiwe sababu ya karani kutopanda lori. Alizisoma akiwa amesimama. Akaniambia kwa huzuni, "Sasa hili sina uwezo wa kulizuia." Jumatatu saa tatu naitwa mbele ya watu watatu. Mmoja wao husikika hadi koridoni akiongea na simu. Nimefanya mazoezi ya kusema "mimi ndiye niliyepokea" mbele ya kioo, na sauti inakatika kwenye neno "mimi". Sijui nitatoka chumbani humo nikiwa nani.

Hicho ndicho kilichobaki, pamoja na swali lako. Lilikuwa swali la kazi, Mjomba, kutoka kwa mtu wa kazi, na lilistahili kujibiwa hivyo.

Mtungi wa pili haukuwepo. Haukuwa njiani. Niliupokea mimi bila kuutazama, ukawa gesi ya maputo, na wako ukaenda kwa watu wengine. Wakati unaniuliza nilikuwa nimekwisha kujua.

Lala salama kwenye udongo wa kwenu.

Mpwa wako,
karani hadi Jumatatu.